Mwalimu Rudia, Mhakiki wa Tamasha la Vijana

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, dada mdogo wa marehemu alikaa kwenye benchi nje ya wodi ya moyo, chupa ya chai mapajani haijafunguliwa, akimsoma uso kila nesi aliyepita. Alfajiri daktari alitoka akivua miwani. Dada akajua kabla ya kuambiwa. Tunayemzika leo, ambaye vijana walimwita Mwalimu Rudia, alikuwa na miaka hamsini na nane.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1965, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kumwigiza mkuu wa shule, mkuu mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake. Mwaka 1989 alihitimu uigizaji na uongozaji katika chuo cha sanaa. Alizunguka na kikundi cha maigizo hadi mwaka 2004, alipoitwa kuwa mhakiki wa tamasha la sanaa la vijana.

Hapa familia itasema wazi, maana maneno yamekuwa mengi. Wanasema aliwaliza watoto wa watu. Ndiyo, walilia. Na mwaka uliofuata walikuwa wa kwanza kujiandikisha. Kundi likimaliza kuigiza, halikushuka. Lilikaa palepale jukwaani, naye akasogeza kiti chake karibu. Kwanza alieleza alichokiona, bila kusifu wala kuponda. Kisha aliuliza swali. Kisha alichagua kipande kifupi, akasema, "Rudia," nao wakarudia papo hapo. Wazazi waliwekwa nje, kwa sababu mtoto anayemtazama mama yake hamwoni mwenzake wa jukwaani.

Mwaka jana mpwa wake, binti wa dada huyo, aliigiza mjane. Alilia mpaka spika zikakwaruza. Dada alikuwa nje, sikio limeganda mlangoni.

"Nimeona unalia tangu unaingia," marehemu alisema. "Sasa sisi tutalia saa ngapi?"

"Mjomba, si mume wangu amekufa!"

"Hapa mimi si mjomba wako. Huyo mume alikuwa anakuudhi kwa lipi?"

Binti akafikiri. "Alikuwa anaacha viatu vyake njiani."

"Basi viondoe. Rudia."

Binti akainama, akaokota viatu ambavyo havikuwepo, akakosa pa kuviweka. Ukumbi ulinyamaza hivi kwamba dada, huko nje, alidhani mtoto amezimia.

Neno lile la "Rudia" hakulibuni yeye. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Siku ya kumposa alisimama katikati ya chumba cha kushonea akamwaga hotuba. Bibie hakuinua macho kwenye cherehani. "Mbwembwe nyingi," alisema. "Rudia." Walijaliwa watoto wawili.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba iliyopita. Mwezi Mei mwenyekiti wa kamati ya tamasha alimfuata wodini kumwarifu kuwa wazazi wamelalamika, hivyo mwaka huu hakuna uhakiki: ni makofi na cheti kwa kila mtoto.

"Mzee, watoto wa siku hizi ni laini," mwenyekiti alisema.

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Vijana walipopata habari walikwenda wenyewe ofisini kwa mwenyekiti, wakaiambia kamati kuwa bila uhakiki hakuna anayepanda jukwaani. Kamati ikasema itafikiria. Mwanafunzi mmoja wa marehemu, ambaye leo ni mwongozaji, amekubali kukalia kile kiti. Marehemu aliambiwa hayo Jumatatu. Alitaka kujua kitu kimoja tu: "Ataanza na kundi gani?" Jumatano akafariki.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wadogo zake wawili, wapwa watano, na vijana wa miaka kumi na tisa ya tamasha, ambao wengine sasa wana ndevu na watoto. Apate pumziko jema, kaka yetu, bila mtu wa kumwambia arudie.

Tamasha ni Jumamosi. Saa tatu asubuhi vijana wataingia ukumbini na mlango utafungwa. Sisi wazazi tutabaki nje, roho mkononi, lakini tutabaki. Na kama kamati bado inafikiria, ifikirie ikiwa huko nje pamoja nasi.