Namba Kumi na Nne Ubaoni

Marehemu, aliyejulikana mtaani, sokoni na klabuni kwa jina moja tu la Mama Spoku, alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli ya baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee kati ya watoto watano. Mkunga alichelewa, na nguo ya kwanza kumfunika ilikuwa aproni ya kazi ya baba yake, ule upande wake uliokuwa safi. Mwenyewe alisema ndiyo maana harufu ya grisi haikuwahi kumkera.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule ya ng'ambo ya barabara, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza wala wa mkiani. Ila mwalimu wake wa hesabu, mwanamke asiyecheka ovyo, alimwandikia kwenye ripoti: "Hakubali jibu mpaka alijaribu mwenyewe." Aliitunza ripoti ile hadi mwisho.

Kaka zake walifuata kazi za ofisini. Yeye alibaki karakanani, na mwaka 1981, macho ya baba yalipofifia, akakabidhiwa funguo. Ufundi wake ulikuwa masikioni. Aligonga spoku, zile nyaya za gurudumu, moja moja kwa ukucha, kichwa kimeinama, na kwa mlio tu akajua ipi imelegea na ipi imekazwa kupita kiasi. Wateja wapya walidhani anacheza.

Tarehe 17 Septemba 1983 alifunga ndoa na mpeleka barua wa posta. Bwana huyu alileta baiskeli ya kazini ikiwa na rimu iliyopinda mara nne ndani ya mwezi mmoja. Mara ya nne Mama Spoku aliigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye rimu.

"Kaka, hizo barua unapeleka juu ya mawe?"

"Njia mbovu, dada."

"Njia haipindi rimu palepale mara nne. Hii umeipinda kwa goti. Sema shida yako."

Akaisema. Walijaliwa mabinti wawili.

Katika klabu ya kujitolea ya mtaa, inayokutana kila Alhamisi jioni nyuma ya maktaba, aliingia Aprili 2004, na wala hakuja kujiunga. Alikuja kugomba. Mwaka uliotangulia klabu ilikuwa imegawa viti kumi na viwili vya magurudumu, kwa hotuba na picha. Ndani ya miezi sita, saba kati ya hivyo vilikuwa vimefika karakanani: magurudumu ya mbele yalizama mchangani, fremu hazikupita milangoni. Aliingia mkutanoni akikisukuma kimoja.

"Nani kati yenu amewahi kukikalia hiki?"

Mwenyekiti, ambaye ni mfamasia, alijibu kwa upole, "Mama, sisi tulivitoa kwa moyo wote."

"Moyo mmetoa, baba. Gurudumu la mbele je? Hebu keti, nenda chooni, urudi."

Mwenyekiti alikwama kwenye mlango wa choo, na ilibidi watu wawili wamchomoe. Kabla ya mkutano kufungwa, klabu ilikuwa na mwanachama mpya wa kuitengenezea viti karakanani, na sheria mpya mbili. Ya kwanza: hakuna kiti kinachotoka kabla mwanachama hajakikalia kutwa nzima na kufanya kazi zake zote humo. Ya pili: majina ya wanaosubiri yaandikwe kwenye ubao wa karakana, na hakuna kuruka foleni. Mama mkwe wa mwenyekiti alisubiri miezi minne, na mwenyekiti akayasikia nyumbani miezi yote minne.

Sheria ya kwanza aliivunja mwenyewe, mara moja. Mei 2009 zamu ilimfikia yule mwalimu wake wa hesabu, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Kwa hamu ya kumwona akifurahi, Mama Spoku alimpelekea kiti siku kilipokamilika, kabla hakijakaliwa. Breki ya kushoto ilishika vizuri sakafuni, ikaachia kwenye mteremko. Mwalimu aliishia mtaroni, mkono umevunjika. "Hukulijaribu jibu," alimwambia. Mama Spoku alimpikia na kumfulia kwa majuma sita. Tangu hapo kila mwanachama mpya alisimuliwa kisa hicho na yeye mwenyewe, akiwa amesimama, bila kujipunguzia.

Machi 2023 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye uti wa mgongo, na hawakumficha kwamba muda ulikuwa mfupi. Kufikia mwisho wa Agosti miguu ilikuwa imegoma kabisa. Alimtuma mumewe akaandike jina lake ubaoni. Likawa la kumi na nne. Binti yake mkubwa, ambaye ni nesi, alikuja juu.

"Mama, viti hivyo unavitengeneza wewe! Nani atakulaumu?"

"Watu kumi na watatu walionitangulia."

"Hata hawatajua."

"Mimi nitakuwa nimekikalia, mwanangu. Nitajua."

Klabu ilikuwa ikimaliza kiti kimoja kwa juma, ikijitahidi sana. Familia ilipiga hesabu, ikaona huenda zamu isimkute hai. Wanachama hawakukubali. Walianza kukutana karakanani kila siku baada ya kazi, na magurudumu yakaletwa kitandani kwake ayasikilize.

"Gonga. Umesikia hiyo?"

"Sisikii kitu, Mama."

"Basi gonga mpaka usikie. Mimi sitakuwepo kukusikilizia."

Mmoja alipendekeza viti vikaliwe nusu siku tu ili zamu yake iwahi. Mama Spoku alisema wakifanya hivyo atafuta jina lake. Kila kiti kikakaliwa kutwa. Viti kumi na vitatu vilitoka kwa majuma kumi na moja.

Cha kumi na nne alikikalia mwenyekiti mwenyewe, Ijumaa nzima, akihudumia wateja dukani na kujigonga magoti kwenye kaunta. Jumamosi, tarehe 18 Novemba, alikileta. Mama Spoku alinyoosha mkono, akagonga.

"Ya tatu kulia imelegea."

Mwenyekiti alipiga magoti, akaikaza. Mama Spoku akagonga tena, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Haya. Nikalisheni."

Alikitumia miezi mitano na siku ishirini na tatu, na hakukosa Alhamisi hata moja. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, saa mbili asubuhi, akiwa kitini karibu na dirisha, mumewe akimfunga vifungo vya sweta. Alikuwa amebakiza majuma manne kutimiza miaka sitini na sita.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, wanachama wenzake thelathini na wanne, na viti mia mbili na kumi na kimoja vinavyotembea mitaani.

Kiti chake kipo hapa leo, kando ya jeneza. Anayefuata ubaoni sasa ni fundi viatu wa karibu na soko. Alituma ujumbe kwamba familia isiwe na haraka, ikae nacho hata mwaka. Mumewe alimshukuru, akakataa. Kesho atakikalia yeye kutwa nzima, kama sheria inavyotaka, na Ijumaa kitakabidhiwa. Breki ameshazipima. Spoku anaomba mtu aje amsaidie kuzisikiliza.

Zamu ya Mama Spoku ya kupumzika imefika, na hakuruka mtu kuifikia. Apumzike kwa amani.