Bi Nani Kasema Anastaafu, Somo Halistaafu

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Utangulizi wa Sosholojia katika chuo chetu, mkufunzi mkongwe kuliko sote anastaafu. Wanafunzi wanamwita Bi Nani Kasema. Jina alipewa na darasa lake la pili, likamganda kwa sababu ndilo swali lake. Mwanafunzi akisema kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake, au kwamba maskini ni wavivu, yeye hakunji uso wala hakaripii. Anauliza tu nani kasema, anavuta kiti, anasubiri jibu. Wapo waliotokwa jasho zaidi mbele ya kiti kile kuliko kwenye mtihani wa hesabu.

Ofisi ya utawala imeniomba niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usiogusa mambo yanayoendelea. Kwenye kuchangamsha nitajitahidi.

Alikuja hapa akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza na mkataba wa muhula mmoja, kuziba pengo la mtu aliyehama. Akapewa mwaka wa kwanza wa idara zote: wauguzi, wahasibu, wapima ardhi, vijana walioona somo lake ni kikwazo cha kurukwa ili wafike kwenye masomo yao ya maana. Siku ya kwanza aliingia mapema akaketi viti vya nyuma, katikati yao, mkoba mapajani, kimya. Wanafunzi wakamsubiri mwalimu. Wakanong'ona, wakapiga miayo, wakaanza kulalamika. Chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama ukutani, lakini kiti cha mwalimu kule mbele hakuna aliyekigusa. Ndipo akasimama akawauliza nani aliwakataza kukikalia. Hakuna. Basi akawaambia kwamba amri ambazo hakuna aliyezitoa, na bado watu wanazitii, ndizo walizokuja kuzisoma. Mchezo huo aliurudia kila mwaka hadi mvi zilipomsaliti. Mwaka wangu mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama ukutani, na miguu iliniuma kwelikweli.

Nadharia tatu kubwa za sosholojia alizifundisha kwa kitambaa cha meza. Enzi hizo bwaloni kulikuwa na meza ya wakufunzi yenye kitambaa cheupe, na meza za wanafunzi zilikuwa mbao tupu. Aliligawa darasa mafungu matatu, akalituma kwenda kula chakula cha mchana macho yakiwa wazi. Fungu la kwanza lilibeba nadharia ya uamilifu, inayoiona jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi yake. Lilirudi likisema kitambaa kinasaidia, maana wakufunzi wanajua pa kukaa, wanakula upesi na kuwahi vipindi. Fungu la pili lilibeba nadharia ya migogoro, ile inayouliza nani anafaidika na nani anaumia. Lilirudi likisema meza yenye kitambaa hupakuliwa kwanza, na minofu huishia hapohapo. Fungu la tatu lilibeba nadharia ya mwingiliano, inayotazama maana ambazo watu hujengeana kila siku. Hilo lilisema kitambaa ni kitambaa tu, ila kila anayekipita anapunguza sauti, na hata mkuu wa chuo anapunguza. Walibishana muhula mzima. Yeye hakuwaambia nani mshindi, na kuna wahasibu ambao mpaka leo hawajamsamehe kwa hilo.

Ripoti ya fungu la pili ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mkuu wa chuo wa wakati ule akaisoma kabla hajanywa chai. Bi Nani Kasema akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akaambiwa anawachochea wanafunzi. Waliokuwepo wanasimulia kwamba kabla ya kujitetea aliiomba kamati imweleze kwa nini kiti alichopewa ni kifupi kuliko vyao. Mjumbe mmoja ilibidi atoke nje akacheke. Adhabu haikukosekana: darasa lake likahamishiwa stoo, ubavuni mwa jenereta, akafundisha huko miaka miwili kwa kupaza sauti. Hakuomba radhi, hakuomba kurudishwa. Kitambaa nacho mpishi mkuu alikipeleka kufuliwa siku moja, na ukimuuliza leo atakwambia bado hakijakauka.

Matunda yake yametapakaa. Kuna muuguzi aliyekataa kuwagombeza kina mama waliochelewa kliniki, akawafuata mpaka kwao kuona wanatembea umbali gani, kisha akaishupalia hospitali hadi saa za kliniki zikabadilishwa. Kuna mpima ardhi ambaye hatii sahihi ramani yoyote kabla hajawauliza wanawake wa mahali pale wanapita wapi kwenda kuchota maji. Nyumbani nako hapakusalimika. Mzee wake, yaani mumewe, fundi wa redio, anasimulia huku akicheka jinsi alivyopoteza kiti chake cha kukabili televisheni kwa hoja za nadharia ya migogoro, wajukuu wakiwa mashahidi wa mlalamikaji.

Sasa mambo yanayoendelea. Utawala umeamua kwamba nafasi yake haitajazwa. Muhula ujao Utangulizi wa Sosholojia unafutwa, na mwaka wa kwanza watapewa kijitabu cha namna ya kuvaa kwenye usaili na kumsalimia bosi. Sababu tuliyopewa ni kwamba somo halina soko. Nimekasirika, na sioni haya kuliandika hilo katika jarida la chuo. Tunataka kuwatoa hapa watoto wa watu wakiwa na tai zilizofungwa vizuri, wasiojua kuuliza kwa nini wao wanalipwa hivi na wengine vile, kisha tuite hiyo elimu. Mhariri wa jarida hili naye alipita kwenye darasa la Bi Nani Kasema, ndiyo maana aya hii mnaisoma.

Tulimfuata kwake, wakufunzi watano, kumsihi akubali mkataba wa muda ili tupate pa kuanzia kumpigania. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka tukamaliza, akakataa. Alisema somo linalosimama kwa sababu ya bibi mmoja limeshakufa, na kwamba watu wa kulifundisha anawaona wamejaa kwenye makochi yake wakinywa chai. Tukatazamana. Mzee wake akajitia kushughulika na redio ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo tangazo limeshabandikwa. Somo lipo, kila Jumatatu baada ya vipindi, katika ukumbi wa chini. Halina alama wala cheti, na anayetaka aje. Tutalifundisha kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yangu kwa kuwa nilikuwa msaidizi wake. Wenzangu wanaonipenda wamenivuta pembeni kunikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kwamba watakaouhuisha au kuutupa ndio watakaousoma wasifu huu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimewaelewa vizuri, na ninaogopa. Tangazo sitaling'oa.

Mama yetu, tunakushukuru kwa sauti uliyoimalizia kwetu, na kwa kutukatalia sebuleni kwako. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na maisha mema na mzee wako, hata ukimrudishia kiti chake. Jumatatu usije kutuchungulia dirishani. Kaa nyumbani upumzike. Nitafundisha mimi.