Rosalind Tervo na Mafaili Yake Sitini na Mawili

Ndugu, jamaa na majirani, haya yameandikwa na Eino, mdogo wa marehemu, na atayasoma mwenyewe, sauti ikikubali.

Rosalind Aune Tervo, tuliyemwita Roz, alizaliwa tarehe 11 Machi 1958 mjini Virginia, Minnesota, kifungua mimba wa Bwana Arvo Tervo, mchimba chuma, na Bi. Lempi. Theluji ilikuwa imefika madirishani, ikabidi mama apelekwe hospitali nyuma ya gari la kuondolea theluji. Roz alikuwa akisema hiyo ndiyo mara ya mwisho dunia kumpisha njia.

Alisoma papo hapo Virginia, akamaliza sekondari mwaka 1976, na shahada ya sheria akaipata Chuo Kikuu cha Minnesota Mei 1983. Hakuwa na akili za ajabu, tusidanganyane msibani. Alikuwa king'ang'anizi.

Novemba mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni kubwa ya mawakili Minneapolis, akakaa miaka kumi na tisa. Kule wakili huandika siku yake kwa vipande vya dakika sita sita: amefanya nini, kwa mteja yupi, ili mteja alipishwe. Mama alipotimiza miaka sabini na mitano, mwaka 2002, alimwona Roz akichungulia saa na keki haijakatwa. "Roz mwanangu," akamuuliza, "mimi leo umeniandikia dakika sita ngapi?" Watu walicheka mpaka machozi. Roz alienda chooni akakaa huko mpaka kahawa ikapoa.

Februari 2003 aliacha kazi ili afungue ofisi yake Duluth, awahudumie wenye biashara ndogo.

"Dada, una wazimu?" Eino alimuuliza.

"Nimechoka, Eino. Nataka nimjue mtu ninayemwandikia mkataba."

Kwa desturi ya mawakili, mmoja akihama, wateja huandikiwa barua wachague: wabaki na kampuni au wamfuate. Wajanja huwapigia wateja simu chinichini kabla ya barua. Roz alikataa katakata. Kati ya wateja thelathini na wanane, waliomfuata ni wawili. Mmoja ni mzee Toivo Harju, mtengeneza majiko ya sauna, vile vyumba vya kuogea mvuke, yuko hapa leo. "Wenzako walinipigia mara tatu, wewe hata salamu," alimwambia. "Nikasema, huyu mama ama ni mwaminifu ama ni mjinga. Wa aina zote mbili nimeshafanya nao kazi."

Ndoa yake na Dale Sundby, fundi wa mabasi ya shule, ilifungwa katika kanisa hili tarehe 16 Juni 1990, wakajaliwa binti mmoja, Maren. Maskini Dale alidhani ofisi mpya itamrudishia mke. Wapi! Mafaili yalienda nao mpaka kwenye kibanda chao cha ziwani.

"Mke wangu, kule ulikuwa na bosi mkali," Dale alimwambia, "lakini huyu wa sasa amezidi."

"Huyu angalau namjua," akajibu, bila kuinua macho.

Oktoba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo Roz asingependa lisemwe. Kwa miaka ishirini aliwaandikia wateja wake hati za nani atashika biashara mwenyewe akifa. Harju alifokewa kwa kuchelewesha ya kwake. Sasa wakili anayefanya kazi peke yake naye anatakiwa amtaje mwenzake wa kupokea mafaili siku akianguka. Dale alipoipata karatasi ya Roz, jina halikuwepo.

"Roz, hapa pako tupu."

"Najua."

"Miaka yote ishirini?"

"Kila nikishika kalamu naona kama nakiita kifo."

Mganga hajigangi, ndiyo hiyo. Mafaili yalikuwa sitini na mawili, na akiondoka hivyo yangesubiri mahakama itafute mtu asiyewajua wenyewe. Akaanza kuwapigia mawakili akiwa kitandani. Kumi na mmoja walikataa kwa adabu. Kampuni yake ya zamani ilitaka manne tu, ya wateja wakubwa. Alikuwa amebaki mifupa, na bado anapiga. Eino alikasirika, naye anaomba radhi mbele yenu.

"Yaache, dada! Kufa kwenyewe ni kazi, nawe unajiongezea nyingine?"

"Hawakuiamini ofisi, Eino. Waliniamini mimi."

Jumanne tarehe 2 Aprili 2024 alikuja Bi. Greta Nordahl kutoka Cloquet, wakili wa peke yake naye, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisema tu, "Haya, nipe la kwanza." Siku tatu alikaa kando ya kitanda, Roz akimweleza mteja mmoja mmoja: huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, huyu usimtajie kaka yake, huyu atakuambia ameelewa kumbe bado. Alhamisi mchana walifika la sitini na mbili, Greta akatia sahihi kuwa ameyapokea yote.

"Dale," Roz akasema, "zima simu."

"Ya ofisi?"

"Zote."

Alilala usingizi ambao hatukuwahi kumwona nao tangu utoto. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 6 Aprili, saa tisa alasiri, Dale akiwa ameshika miguu yake.

Ameacha mume, Dale, binti, Maren, mjukuu mmoja, Signe, na mdogo wake, Eino, aliyechoka kulia.

Wateja wake wanaombwa wampigie Bi. Nordahl kuanzia Jumatatu. Namba ya Roz msiipige tena, jamani. Kazi imekwisha. Mwacheni apumzike kwa amani.