Rodi ya Kwenda Ukweni

Ukiingia Mji wa Kale, uliache duka la ubani mkono wa kulia na fundi cherehani mkono wa kushoto, utafika pahali kichochoro kinapojipinda na mtu hana budi kupunguza mwendo. Hapo pana baraza ya mawe iliyolainishwa na makalio ya vizazi vitatu, na hapo ndipo Mung'aro, muuza kahawa, huweka seredani yake ya makaa na dele la kahawa kila baada ya sala ya alasiri. Watu wa baraza ile hawana vyeo, wana majina ya kubandikwa. Kuna Zein, mchonga milango, aitwaye Nakshi kwa sababu hata uwongo wake huupiga msasa kabla ya kuutoa. Kuna Kingi, fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, aitwaye Injini, kwa kuwa akishawaka kumzima ni kazi. Na kuna Odera, karani wa godauni moja Shimanzi, aitwaye Godauni, jina ambalo halikumchosha mtu kulifikiria. Alhamisi ile Odera alifika kabla ya wote, maana kesho yake alikuwa na safari ya Naivasha, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuomba mke.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Maxwell, babake Ndinda, huyo binti wa kuombwa, alistaafu akajenga karibu na Ziwa Naivasha, na tangu hapo hana habari na kitu ila samaki mmoja wa ziwani aitwaye besi. Alipoambiwa kuwa binti yake amepata mchumba, hakuuliza kanisa wala mshahara. Alipiga simu akasema, "Kwa jina lako, nyinyi asili yenu ni ziwani, na wewe unakaa Mombasa. Bila shaka unavua?" Odera kwa woga akajibu, "Sana, mzee." Mzee akafurahi mno. Akamwambia aje Jumamosi na rodi yake, waingie mtumbwini wawili tu, na mambo ya Ndinda wayamalize humo humo majini.

Sasa, huyu Odera alizaliwa Changamwe katika nyumba za kupanga, na samaki aliyepata kumkaribia zaidi maishani ni yule aliyekuwa kwenye sahani. Hilo hakumwambia Ndinda, wala hakuliambia baraza. Kwa baraza alitaka rodi tu, yaani ile fimbo ya kuvulia, pamoja na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ule uzi wa ndoana. Wiki tatu alikuwa akitazama video za besi kwenye simu, na kila alipozidi kutazama alizidi kukosa usingizi.

Kingi alitokea ameibeba rodi yake begani, akaiteremsha, ikatanda kichochoro kizima.

— Shika hii, alisema. Usiogope, shika.

— Mbona nzito? aliuliza Odera.

— Nzito ndiyo. Hii imemnyanyua jodari wa kilo arobaini.

— Lakini Kingi, besi hafiki hata kilo tatu.

— Hiyo ni leo. Samaki hukua, yakhe!

Zein alikuwa ameketi na rodi yake magotini, nyembamba, imezongwa kanga ya mkewe. Aliachiwa na mgeni mmoja aliyemchongea mlango, na tangu siku hiyo haijawahi kuona maji.

— Msikizeni huyu, alisema. Ataka mtoto wa watu akavue ziwani na boriti ya kuezekea. Na hiyo rili yako ina mshipi gani?

— Pauni themanini, alijibu Kingi. Mita mia tano.

— Odera, ziwa lenyewe lina kina gani?

— Nimesoma ni mita sita hivi, pahali pengi.

— Sita! Basi hizo nyingine atafanyia nini?

— Atafungia mtumbwi, alisema Kingi bila kutikisika. Mshipi haukai bure.

Mung'aro alimimina kahawa vikombe vitatu, akavisukuma. Zein alikunywa funda moja, akapangusa masharubu. Odera alijua dalili hiyo. Zein akipangusa masharubu, elimu inakuja.

— Nisikize, Godauni. Maji ya ziwa hayana chumvi, sivyo?

— Ndivyo.

— Na chumvi ndiyo imwashayo samaki macho. Sasa samaki wa ziwani macho yake hayajawahi kuwashwa, aona kila kitu. Huo mshipi wa Injini atauona kama kamba ya kuanikia nguo. Wewe wataka mshipi wa pauni nne, mwembamba, hata wewe mwenyewe usiuone.

— Nisipouona nitajuaje kama upo?

— Utaamini.

— Aamini! Kingi alipiga paja. Samaki akiukata je, ataamini pia?

— Wote mwahangaika bure, alisema Mung'aro akipepea makaa. Rili ya nini? Mimi huko kwetu nilivua kwa mshipi wa mkono, nimeuzungusha kwenye kipande cha ubao. Samaki akigusa tu, kidole chasikia. Rili ina kidole?

Kingi aliigeuza rili yake pande zote, na kweli haikuwa na kidole. Odera aliona heri naye achangie, asije akashukiwa. Alikohoa.

— Halafu chambo chake si kamba wala ngisi. Besi anavuliwa kwa mnyoo wa mpira.

— Mpira gani? aliuliza Kingi.

— Wa plastiki. Wa rangi ya zambarau, mara nyingi.

— Huyo samaki ana njaa au ana wazimu?

— Na akishavuliwa, anarudishwa.

— Anarudishwa wapi?

— Majini. Mzee Maxwell humpima, humpiga picha, kisha humwachilia aende zake.

Kingi alisimama. Aliweka kikombe chini kwa taratibu, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

— Ndugu yangu, usioe nyumba hiyo. Mtu anayemtupa samaki, mahari atakutoza kisha akurudishie?

— Kaa chini, Injini, alisema Zein. Mahari yakirudishwa si faida?

— Na viboko je? Kingi alikuwa ameshawaka. Naivasha kuna viboko!

— Wapo, alikiri Odera.

— Ehe! Sasa ndipo mtaniona nina akili. Kiboko anapindua mtumbwi, mzee yuko majini anapiga kelele. Wewe unamrushia mshipi, pauni themanini, anaushika. Unazungusha rili, unamvuta mpaka nchi kavu. Baada ya hapo nani atakunyima binti?

— Mzee ana kilo ngapi? aliuliza Mung'aro.

— Tisini na kitu, alisema Odera.

— Basi pauni themanini haimfai. Mshipi utakukatikia.

— Atamvuta pole pole!

Zein alingoja kelele zipoe, akapangusa tena masharubu.

— Nyote mwasahau adabu. Huyu aenda ukweni, haendi mashindanoni. Rodi ya mzee ina urefu gani?

— Alisema futi saba.

— Basi yako isizidi sita na nusu. Utakaaje na mkweo mtumbwi mmoja, rodi yako imempita kichwa? Na rili yako isilie kwa nguvu kuliko yake. Na samaki wako vilevile.

— Samaki wake vipi? aliuliza Kingi.

— Akimpata mkubwa kuliko wa mzee, mzee atanuna. Asipopata, mzee atasema huyu hawezi kumlisha mwanangu. Kwa hivyo ampate mmoja, mdogo kidogo kuliko wa mzee.

— Na atampimaje akiwa bado majini?

Zein alifikiri. Mshipa ulimsimama kwenye paji la uso.

— Basi avue bila ndoana. Arushe, avute, atikise kichwa, aseme, "Kaniponyoka." Ajionyeshe mwenye bidii asiye na bahati. Mkwe wa namna hiyo hupendwa.

Kwa mara ya kwanza tangu wiki tatu zile, moyo wa Odera ulitulia. Kuvua bila ndoana, hilo alihisi analiweza. Alikuwa ameshanyosha mkono kuipokea rodi ya Zein, kanga na yote, aliposikia sauti nyuma yake.

— Mumefunga njia kwani?

Alikuwa Bi Mwanakuu, mpishi wa harusi, kikapu mkononi, amesimama mbele ya rodi ya Kingi iliyolala kichochoro kizima. Hakuna harusi ya mtaa ule aliyokosa kuipikia, na hakuna bwana harusi aliyepita hapo ambaye hakuwahi kumwogopa.

— Shikamoo, Bi Mwanakuu, walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba. Ni mti gani huu?

Zein alimweleza yote, kuanzia mshipi mpaka kiboko. Bi Mwanakuu alisikiliza, akaweka kikapu chini.

— Mtakuwa wangapi mtumbwini, mwanangu?

— Wawili tu, mimi na mzee.

— Kutoka saa ngapi?

— Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana.

— Saa sita nzima. Na utamwambia nini?

Zein alipeleka mkono kwenye masharubu, mkono ukabaki hapo hapo.

— Atalisifu ziwa, alijaribu kusema.

— Hizo ni dakika mbili. Halafu?

Watu hawa walizungumza kila siku tangu alasiri mpaka maghribi, mvua na jua, na walikuwa wamezungumza saa nzima juu ya uzi. Sasa hakuna aliyekuwa na neno. Mung'aro aliinamisha dele, likatoa matone mawili, na hakuna aliyedai zaidi. Odera alitazama mikono yake. Aliogopa, na alikuwa amechoka kuogopa.

— Sijui kuvua, alisema.

— Nini? aliuliza Kingi.

— Sijui kuvua. Rodi ya kwanza kushika maishani ni hii yako, leo. Nilimdanganya mzee kwenye simu.

— Lakini nyinyi si watu wa ziwani?

— Mimi ni mtu wa Changamwe, Kingi.

Bi Mwanakuu hakucheka. Alimtazama kama anavyoutazama wali ambao bado kidogo kuiva.

— Binti ajua?

— Hajui.

— Basi mpigie babake sasa hivi, mngali nchi kavu. Ukimwambia kule katikati ya maji, yeye hana pa kwenda na wewe huna pa kwenda.

Odera alipiga. Kwa kuwa baraza zima lilikuwa limemsogelea, aliona afadhali aweke sauti ya nje, wasikie wote. Mzee Maxwell aliitikia kwa furaha, akauliza kama mvuvi amejiandaa.

— Mzee, mimi si mvuvi. Nilikudanganya nikiogopa utanikataa. Sijui rodi, sijui rili, sijui mshipi. Ninachojua ni kwamba nampenda Ndinda, na sitaki kuanza na wewe kwa uwongo.

Kingi alifumba macho.

— Gari lako linafika saa ngapi kesho? aliuliza mzee.

— Saa kumi na moja jioni, mzee.

— Nitakuja kukupokea. Usilete kitu. Rodi ninazo sita, nitakufundisha moja moja.

Machozi yalimlenga Odera, akageuza uso kwenye ukuta. Kingi, naye akipangusa macho, alimvuta mkono wa shati.

— Muulize za pauni ngapi!

— Mzee, alisema Odera, kuna rafiki yangu hapa anauliza mishipi yake ni ya pauni ngapi.

Mzee Maxwell alivuta pumzi, akaanza kueleza. Bi Mwanakuu aliiruka ile rodi na kikapu chake, akaenda zake. Mung'aro alizima makaa, akaosha vikombe, akavipanga kwenye ndoo, na mzee alikuwa angali kwenye rodi ya pili.