Selestine na Kifungu cha Kumi na Moja

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na tano Machi, mwaka 2026. Ushirombo imeamka na manyunyu. Ukungu umelala juu ya mashamba ya pamba hadi saa mbili asubuhi, na barabara ya kwenda misheni ni tope la kushika kiatu na kubaki nacho. Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Popote mlipo, Bukombe, Geita mjini, Kahama, Ushetu, tunamshukuru Mungu aliyetuamsha.

Hii ni saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia. Leo tunamkumbuka Selestine Bujiku. Alifariki Jumanne, tarehe tatu mwezi huu, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alikuwa mkulima wa pamba. Alikuwa mwalimu wa katekisimu. Na alikuwa mrushaji wa droni wa chama cha wakulima. Aliirusha kwa mkono mmoja.

Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Kwa mkono mmoja.

Mkono wa kushoto aliuacha Geita, mwaka 2011, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ukanda ulishika shati, shati likashika mkono, na mkono ukaisha kwenye kiwiko. Selestine hakupenda kuhadithia habari hiyo. Aliyemuuliza sana alimjibu, "Nilikwenda Geita kutafuta dhahabu, Geita ikatafuta mkono. Aliyepata ni yeye." Kisha angecheka mwenyewe kabla yako.

Alirudi nyumbani kwa mkewe, Vaileth, tunayemwita Mama Coletha. Na hapo, wasikilizaji, ndipo aligundua kwamba kuna jambo gumu kuliko kukosa mkono. Jambo hilo ni huruma. Akishika jembe, mtu anampokea. Akibeba ndoo, mtu anampokea. Siku moja alinyanyua kitabu cha nyimbo kanisani, na mama mmoja akampokea, akamshikia mpaka mwisho wa misa, ukurasa usio wake. Selestine aliimba wimbo wa matoleo wenzake wakiimba wa komunyo.

Mwaka 2019 wafadhili walikipa chama cha wakulima wa pamba droni moja. Kazi yake ilikuwa kupima mashamba, ili mbegu na dawa zigawiwe kwa haki. Kabla ya hapo kila mkulima alijipimia kwa mdomo. Mwenye eka tatu alisema saba. Mwenye saba alisema kumi na tano, na akalalamika kwamba amesahau lile la bondeni.

Mwalimu alikuja kutoka Mwanza, dada mmoja anaitwa Nelly. Aliweka rimoti mezani mbele ya wanachama. Akaeleza kwamba ina vijiti viwili. Cha kushoto kinapandisha, kinashusha na kuigeuza. Cha kulia kinaipeleka mbele, nyuma na pembeni. Gumba moja huku, gumba moja kule. Kisha akauliza nani anataka kujifunza.

Selestine alinyoosha mkono. Aliunyoosha ule uliopo.

Mwenyekiti wa chama, Wiliam, alikohoa. Akasema kwa upole, "Ndugu yangu Selestine, wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mwenyekiti, vidole ninavyo vitano," Selestine akajibu. "Vijiti ni viwili. Nina ziada ya vitatu. Na sitafuti chawa, natafuta mashamba."

Watu walicheka. Jina lake likaandikwa. Wiki iliyofuata, kanuni za chama zilizaa kifungu kipya, cha kumi na moja. Kilisema hivi: mrushaji wa droni awe mwanachama mwenye mikono miwili iliyo timamu. Hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Wote tulijua.

Selestine alikisoma ubaoni, akakisoma tena. Akaenda kwa Wiliam, akamwamkia, akaomba kitu kimoja tu: ajaribiwe mbele ya wanachama wote. Wiliam alikubali. Akampa majuma sita. Kwa bahati, majuma hayo sita yalikuwa ya Kwaresima.

Sasa mtu atajifunzaje bila rimoti? Rimoti ilifungiwa ofisini, na alipewa Jumamosi tu. Siku nyingine alijitengenezea ya kwake. Alichukua mche wa sabuni wa Mama Coletha, akachomeka njiti mbili za kiberiti, akaketi uani na kuanza kurusha sabuni. Gumba kwenye njiti ya kushoto, kidole cha mwisho kwenye njiti ya kulia, kiganja kimetandazwa kama anapima shibiri. Alisali rozari huku akifanya mazoezi. Salamu Maria moja, kupanda. Salamu Maria nyingine, kugeuka.

Mama Coletha anasimulia: "Nilikaa siku tatu sifui. Nikimwambia Baba Coletha, nipe sabuni, ananiambia, subiri, iko hewani."

Alipopewa rimoti ya kweli, ilibaki shida moja. Vidole vinaendesha, lakini nani anaishika? Hapo Selestine alimshukuru Mungu kwa kitambi. Alikuwa na kitambi kizuri cha ugali na maziwa ya mgando, kimekaa sawasawa kama meza. Alining'iniza rimoti shingoni kwa mkanda, ikalala juu ya kitambi, imetulia. Jumamosi ya kwanza aliirusha droni hadi kwenye mti wa mwisho wa uwanja, akairudisha. Nelly alishangaa, akapiga makofi.

Lakini Selestine alikuwa ameweka nadhiri. Katika Kwaresima ile angekula mara moja kwa siku, jioni, ili Mungu amjalie ushindi. Na yeye si mtu wa kudokoa. Akiahidi kufunga, amefunga. Jumamosi ya pili kitambi kilianza kuteremka. Ya tatu na ya nne, rimoti ililala upande. Jumamosi ya tano, wasikilizaji, meza haikuwepo tena.

Rimoti ikateleza, kidole cha mwisho kikavuta asichokusudia, na droni ikaondoka uwanjani kuelekea kanisani. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi nje, kivulini. Ikashuka katikati yao ikivuma kama mzinga uliochokozwa. Sauti ya nne, wanaume wenye vifua, walikimbia hadi kwenye nyumba ya masista. Sauti ya kwanza, akina mama, waliendelea kuimba. Walidhani kiongozi ameleta ala mpya.

Padre Herman alimwita. Akamwambia, "Selestine, kula. Nadhiri ninaweza kukubadilishia. Funga maneno, funga hasira, kula ugali."

Selestine akainamisha kichwa. "Baba Padre, nikila sasa nitakuwa nimemwambia Mungu, asante, kuanzia hapa nitaendelea mwenyewe."

Padre alituambia baadaye kwamba maneno hayo yalimsumbua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoka kunywa chai na maandazi.

Zilibaki siku sita. Ikiwa angeshindwa, droni angepewa mtu wa kuajiriwa kutoka mjini, na yeye angebaki mtu wa kupokewa ndoo maisha yake yote. Hayo alimwambia mkewe: "Mama Coletha, sitaki kurusha kwa huruma. Nataka kurusha kwa haki."

Mama Coletha aliingia jikoni, akatoka na ungo wake. Akautoboa pembeni kwa msumari wa moto, mahali pawili. Akapitisha kamba, akamfunga mumewe kiunoni, mgongo wa ungo juu. Akaweka rimoti. Ilitulia, bora kuliko kwenye kitambi.

Wasikilizaji wapendwa, nanyi mnaotusikiliza mnajua huku kwetu ungo una sifa gani. Sitaki kuzieneza. Lakini kila mtoto amesikia kwamba wachawi wana usafiri wao, na usafiri huo si pikipiki.

Siku ya majaribio uwanja ulijaa. Wiliam na kamati walikuwa kwenye viti. Selestine akatoka nyuma ya ofisi, amevaa shati jeupe la misa, rozari shingoni, ungo kiunoni. Mbele yake, chini, kile kidubwana cha kupaa kinawaka taa nyekundu na kijani.

Kisha sauti ya Mzee Mageni, mfugaji, ikapasua uwanja: "Ungo! Mchana kweupe!"

Watu walirudi nyuma hatua kumi kwa pamoja. Kiti cha katibu kilianguka, na katibu akakiacha. Mtu mmoja akasema afadhali wangefanya siri kama wengine. Wiliam akasimama, jasho likimtoka, akainua mkono kuahirisha zoezi. Selestine alibaki peke yake katikati ya uwanja. Hakuweza hata kujieleza. Angesema nini? Kwamba tumbo lake limepungua?

Aliyetoka mbele ni Mama Coletha. Alisimama pembeni ya mumewe, mikono kiunoni.

"Shikamooni wakubwa. Nina swali. Nani hapa nyumbani kwake hakuna ungo? Ajitokeze, tumpe pole."

Hakutoka mtu.

"Ungo huu ni wangu. Umepepeta mchele wa kipaimara cha Coletha. Umepepeta mchele mliokula kwenye msiba wa mama yake mwenyekiti, na wewe Mzee Mageni uliongeza sahani mara mbili. Mbona hukupaa?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama. Kikaja kwa vijana. Kikamfikia Mzee Mageni mwenyewe, akacheka mpaka akajishika kwenye fimbo. "Wabeja, asante mama," akasema. "Nilishiba, nikashindwa kupaa." Wiliam akakaa. Kiti cha katibu kikainuliwa.

Selestine akafanya ishara ya msalaba. Ili kufanya hivyo aliondoa mkono kwenye rimoti, maana ndio huohuo. Kisha akaurudisha, akatandaza shibiri yake, na droni ikapaa. Ikazunguka nguzo ya kwanza. Ikazunguka ya pili. Ikaenda hadi shamba la mwenyekiti, ikalipima. Ikarudi taratibu, ikatua juu ya mkeka waliomwekea, bila kugusa ukingo.

Nelly akasoma matokeo kwenye kioo. "Shamba la mwenyekiti, eka nne na robo." Kwenye daftari la chama ziliandikwa tisa. Nafikiri hapo ndipo uwanja ulipopiga makofi kwa nguvu zaidi.

Selestine alishinda. Narudia, alishinda. Lakini kifungu cha kumi na moja kilikuwepo. Wiliam alisema kanuni haifutwi uwanjani, inafutwa kwenye mkutano mkuu. Kwa sasa ataruhusiwa kwa muda, msimu mmoja. Msimu ulipoisha, akaruhusiwa msimu mwingine. Hivyo hivyo kwa miaka saba. Kila Juni aliandika barua kwa mkono wake, akiomba kifungu kifutwe. Kila Juni barua iliwekwa ajenda ya tisa. Na ninyi mnaijua mikutano yetu: chakula huiva kwenye ajenda ya saba.

Alimtafutia Mzee Mageni fahali wake wawili waliopotea, akawaona kutoka angani wamelala kwenye pamba ya jirani, wameshiba. Alipima mashamba mia nne na zaidi. Alikosana na watu wengi waliopungukiwa eka, akapatana nao wote kabla ya kila Pasaka. Alifundisha warushaji sita, wa kwanza akiwa binti yake, Coletha. Mwaka jana Nelly alirudi kuwakagua, akawakuta sita wote wanarusha kwa mkono mmoja, wa kushoto wameuficha nyuma ya mgongo.

"Mbona hivyo? Mikono yote mnayo!" akawauliza.

Coletha akamjibu, "Dada, tulifikiri ndiyo sheria."

Jumatatu, tarehe pili, Selestine alipima shamba lake la mwisho. Kesho yake asubuhi alisali, akamwambia mkewe kifua kinabana, akaketi. Mama Coletha anasema alikuwa ameshaanza barua ya Juni ijayo. Ilikuwa mezani, ina tarehe na salamu tu.

Kwa niaba ya kituo hiki, tunampa pole Mama Coletha. Tunampa pole Coletha na mdogo wake Denis, na ukoo mzima wa Bujiku. Mungu aliyempa vidole vitano na ziada ya vitatu ampokee. Nasi tuliobaki tujiulize leo, kila mmoja kwake: ni haki ya nani tunayoiweka mwisho wa orodha, tukijua hatutafika?

Nawaachia jambo moja nililolishuhudia makaburini, Ijumaa ile ya mazishi. Padre Herman alikuwa amemaliza. Watu walikuwa wanaweka mashada. Mwenyekiti Wiliam akasogea karibu na kaburi, akaanza kusema kitu, ameinamisha kichwa.

"Sema kwa sauti, Wiliam," Mama Coletha akamwambia. "Huku nyuma hawasikii."

Wiliam akavua kofia. Akageuka, akatutazama wote.

"Kifungu cha kumi na moja nilikiandika mimi. Nilikiandika kwa ajili ya mtu mmoja, naye ndiye huyu. Mbele ya mkewe, mbele ya watoto wake, mbele ya Padre na ninyi wanachama wote, nasema hivi. Juni hii hakuna ajenda itakayosomwa kabla ya barua ya Selestine. Kama haikumalizika, nitaimalizia mimi. Kifungu nitakifuta kwa mkono wangu mwenyewe, mkiniangalia. Nisipofanya hivyo, msiniite tena mwenyekiti."