Sura ya Kaisari na Mashimo ya Kibanja: Maisha ya Mwalimu Nolasco Byabato

Leo Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa nane mchana, manyunyu yakiendelea hapa Kibingo, familia, kupitia kwa mpwa wake Placidius, inawasomea maisha ya marehemu Mwalimu Nolasco Byabato, aliyezaliwa Bweranyange tarehe 12 Juni 1951, mtoto wa tatu wa mzee Deodatus na mama Joviana.

Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1960 hadi 1966, akaendelea seminari, akahitimu shahada ya historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, akafundisha Kilatini hadi alipostaafu mwaka 2011. Tarehe 8 Januari 1983 alifunga ndoa na Evaresta, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1984, akiwa masomoni Roma, alinunua dinari sita za fedha, sarafu za kale za Kirumi, dukani, kwa risiti, na tangu hapo hakuna mgeni aliyetafuna punje za kahawa za kukaribishwa nyumbani humu kabla ya kusomeshwa herufi zinazozunguka kichwa cha Kaisari mwenye shada la majani, na kuelezwa kwa nini maneno yamekatwa ili yaenee, na kwamba mwanamke aliyeketi upande wa pili, ameshika fimbo na tawi, si Bikira Maria, ingawa dada wa marehemu, mama Salvina, hajakubali hadi leo. Mwaka 1997 mama Salvina, kwa nia njema, alizisugua kwa majivu zing'ae, Kaisari mmoja akapoteza pua na nusu ya jina, marehemu akasusa chakula cha dada yake mpaka Pasaka. Jirani yetu Winston, aliyemuuliza kama huyo Kaisari ananunua chumvi, alijibiwa mpaka jua likazama.

Alianza kusumbuliwa na figo Agosti 2024, akafariki hospitalini tarehe 10 Machi 2026, alfajiri. Kabla mwili haujafika, kibanja, shamba hili linalozunguka nyumba, kilikuwa kimechimbwa na watu wanaosadiki kwamba alificha mali ya Mjerumani wa enzi za ukoloni chini ya migomba, na jana tumesikia kuwa kaburi litafuata, tukishaondoka. Familia imechoka. Mjane anabaki hapa peke yake, kwa hiyo tunarudia, dinari zote marehemu alizikabidhi seminari Januari kwa mkono wake, na Mjerumani hahusiki, sura zile ni za Warumi, jambo ambalo aliwaeleza ninyi nyote, wengine zaidi ya mara moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliofukia mashimo, wakiwemo, tunaamini, baadhi ya waliochimba.

Mwalimu, lala kwa utulivu. Jeneza lilifunguliwa asubuhi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, likakutwa na mwili, shuka na rozari, dinari sifuri.