Mgeni wa Makote

Gogo la mninga lililolazwa mbele ya kibanda cha Sadallah muuza kahawa, pale Masasi, lilikuwa na dawa yake: ukilikalia, huinuki bila kubishana. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyofuata ilikuwa imelegeza mkono kidogo, na Mdachi bomani alikuwa Mdachi yuleyule, lakini gogo halikukosa watu. Kahawa yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa nusu kahawa, nusu mtama uliokaangwa ukaungua, na Sadallah aliizidishia tangawizi makusudi ili wateja wakohoe badala ya kuuliza maswali. Kiangazi kile ndui ilipoingia mjini, watu waliacha kupeana mikono, wakaacha kwenda ngomani, wakaacha hata kwenda kuzika. Gogo waliliacha? Thubutu! Walikaa mbalimbali kidogo, wakapaza sauti zaidi. Alasiri hiyo walikuwapo Kurwa, aliyeitwa Bwana Boma kwa kuwa aliwahi kubebea Wadachi mizigo hadi Lindi akarudi anajua kila kitu; Filemoni, aliyeitwa Kengele, mpiga kengele wa kanisani, mtu ambaye ulimi wake nao ulikuwa haupumziki; na Muharami mhunzi, waliyemwita Mvukuto. Muharami alikaa ukingoni, macho yake ng'ambo ya njia, kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mle ndani mkewe Mwanaisha alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kumkanda kiuno.

— Haya, mkunga amesemaje? akauliza Sadallah, akimjazia kikombe.

— Mama Magdalena? Haji, akajibu Muharami. Anasema dada yangu Adija amefia katika ua uleule. Yeye ana wajukuu. Hawezi kuingia penye mgeni.

Mgeni, ndiye ndui. Jina lake hasa halikutajwa kwenye nyumba ya mwenye mimba, na hata hapo gogoni walilikwepa, wakiogopa asije akadhani anaitwa.

— Na yule bibi wa kule bondeni?

— Kakataa. Wote wamekataa, Sadallah. Anatakiwa mwanamke aliyekwisha kuugua akapona, maana mgeni harudi mara mbili kwa mtu mmoja. Nimezunguka Masasi nzima namtafuta huyo mwanamke. Waliopona wote wamechukuliwa kuuguza wagonjwa kule vibandani porini.

— Na mama muuguzi wa misheni naye yuko hukohuko, akasema Filemoni. Akija na nguo alizouguzia wagonjwa, si utakuwa umekaribisha moto kwenye ghala?

— Mimi nilisema mapema, akadakia Kurwa. Ungempandisha Makote, kule juu mlimani, kwa mama yake mimba ikiwa changa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu mwenyewe nani, wewe? akauliza Sadallah.

— Ningempandishaje? akasema Muharami. Watu wa juu wameziba njia kwa miiba. Vijana wamekaa na mishale. Mjomba wake Mwanaisha ameniletea neno: mtoto tunamtaka, ni wa ukoo wetu, lakini msitupandishie mgeni.

Mjomba akishasema, mume hana la kuongeza. Kwa watu wale wa juu mtoto ni wa kwao mama, na mume ni jogoo wa kuazima tu: anawika, lakini banda si lake.

— Basi, akasema Sadallah taratibu, si ungemwita mama yake ateremke yeye?

Muharami akazungusha kikombe mkononi. Jambo hilo alikuwa hajamwambia mtu.

— Wa kumwita hayupo. Mwanaisha aliniambia, niitie mama. Nikamwambia, mke wangu, mgeni yuko kila njia, nikimuua mama yako nitasimama wapi mbele ya mjomba? Akanijibu hivi: “Mama alikwisha kumpokea mgeni.” Nikajua basi, limekwisha. Nitauliza nini zaidi? Mambo ya mkwe hayaulizwi. Na tangu siku hiyo, kila siku ni niitie mama, niitie mama. Huzuni imempanda kichwani, jamani. Anamwita mtu ambaye pengine ameshazikwa.

— Lahaula! akasema Sadallah.

— Bwana wangu, akasema Filemoni, akajipiga ishara ya msalaba.

Kurwa naye alitaka kufariji, na Kurwa akifariji, jifunike.

— Usihofu, Mvukuto. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— We Kurwa! wakamrukia wote kwa pamoja.

— Nimekosea wapi? Si methali hiyo?

— Meza kahawa yako, akasema Sadallah.

Kurwa akameza, lakini hakukaa kimya.

— Mnajua huyu mgeni katoka wapi? Mimi nimekaa na Wadachi. Kaja kwenye sanduku. Nimelibeba mwenyewe kutoka Lindi, dogo hivi, lakini zito! Bega hili lilivimba. Nikasema, chuma hiki? Si chuma. Ni yeye mle ndani, amekaa.

— Ulifungua ukamwona? akauliza Filemoni.

— Unamfungulia simba ili umwone?

— Mimi nasema ni wafu, akasema Filemoni. Wale waliokufa vitani wakaachwa maporini bila kuzikwa. Mtu asiyezikwa anabisha hodi. Anamgusa huyu, anamgusa yule, anamtafuta ndugu yake wa kumfukia. Kila kidonda ni ncha ya kidole.

Wakajitazama mikono. Jamani, yalikuwa maneno ya kutisha. Hata Kurwa aliusogeza mguu wake mbali na kivuli cha Filemoni.

— Hamjui kitu nyie, akasema Sadallah kwa sauti ya chini. Mgeni ni yale maji. Ile dawa tuliyokunywa, tukaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Zikageuka? Hazikugeuka. Basi maji yale yalibaki tumboni mwa watu, hayana kazi. Miaka yote hii yanatafuta njia ya kutokea. Sasa yamepata ngozi. Mtazame mgonjwa: kila kipele kina maji ndani, kigumu, mviringo. Risasi hazikugeuka maji, maji ndiyo yamegeuka risasi.

 Kurwa, aliyekunywa maji yale vikombe viwili kisha akawa wa kwanza kukimbia vitani, alijishika tumbo.

— Sasa asiyekunywa je? Adija hakunywa, akasema Muharami.

— Adija hakunywa? Basi... Sadallah akakuna kidevu. Basi lazima alimwagikiwa.

Ng'ambo ya njia Mwanaisha aliguna. Haukuwa ukelele, ni mguno wa mtu anayebeba kitu kizito peke yake. Muharami alisimama, akaenda hatua chache, akarudi. Mwanamume haingii penye uchungu. Angeingia, angefanya nini? Mikono yake ilijua kupinda chuma tu.

— Mimi kinachonishangaza ni hiki, akasema Muharami. Watu wote wanahama Masasi. Wanakimbilia Lindi, wanakimbilia mabondeni, wanalala porini na fisi. Na huyu mtoto ndiyo kwanza anaingia. Hakuna aliyemwambia? Mlango mmoja umetoa maiti juzi, na kwa mlango huohuo yeye anakuja, wala hasiti. Anajua siku yake. Hana macho, hajui njia, na anakuja! Nguvu hiyo kaipata wapi?

— Kwa Mungu, akasema Filemoni.

— Kwa Mungu, akasema Sadallah, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule wawili hao kukubaliana jambo.

— Kuzaa si kazi, kazi kulea, akasema Kurwa.

Walitaka kumpiga. Ndipo walipomwona mwanamke anakuja na njia ya upande wa Newala, amejitanda kaniki hadi usoni, kibuyu cha maji kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea, vumbi limempanda hadi magotini. Akafika penye gogo, akasimama.

— Hodi hapa.

— Karibu, mama, shikamoo, akasema Sadallah.

— Marahaba, Baba Siti, akamjibu kwa jina la binti yake Sadallah, kama wanawake wote walivyomwita. Hamjambo?

Muharami hakumtazama usoni. Alitazama miguu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda kwa ndani, na kidole kile alikijua. Mwaka mzima na nusu tangu amwoe Mwanaisha, kila alipopanda Makote kuwasalimu wakwe, alikiona kikipita uani huku yeye ameinamisha kichwa. Akaruka kutoka kwenye gogo kana kwamba limewaka moto, akauelekeza uso wake ukutani.

Alikuwa mkwewe.

Na mkwe, kwa desturi ya watu wa juu, hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Mkikutana njiani, wewe mume wa binti unaingia kichakani umpishe. Likiwapo neno, linapitia kwa mtu wa tatu, hata mkiwa mmesimama bega kwa bega. Heshima hiyo haifunguliwi mpaka siku binti azae mtoto wa kwanza.

— Baba Siti, akasema yule mama, muulize mwenzio hapo ukutani, hajambo?

Sadallah akageuza shingo tu, maana Muharami alikuwa karibu kumkanyaga.

— Mvukuto, unaulizwa hujambo?

— Mwambie sijambo. Muulize... muulize amepona?

— Anauliza umepona, mama?

— Nimepona nini?

— Anauliza amepona nini.

— Mgeni! Mwambie nilisikia amempokea mgeni!

— Mama, anasema umempokea mgeni.

Yule mama akaguna.

— Huyo mbona ni wa zamani? Nilimpokea wakati Mwanaisha hajatungwa mimba bado. Alikaa kwangu mwezi mzima, akachukua mama yangu na wadogo zangu wawili, mimi akaniacha. Mambo ya zamani hayo. Nani kayafukua leo?

Ukutani Muharami aliyarudia maneno ya mkewe. “Mama alikwisha kumpokea mgeni.” Kumbe mkewe hakuwa analia msiba. Alikuwa anamwonyesha njia, kwa maneno yale pekee yaliyoruhusiwa nyumbani, na yeye mume alisikia kaburi.

— Lakini mama, akasema Filemoni, njia si imezibwa?

— Imezibwa. Mjomba wake ndiye aliyeiziba.

— Sasa umepitaje?

— Nimewaonyesha uso. Wameivuta miiba wenyewe.

Sadallah, aliyekuwa ameinama kwa adabu, akainua macho amtazame. Akakiachia kikombe. Kurwa naye akatazama, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa methali.

— Baba Siti, akasema mama, mwambie mwenzio ageuke anitazame.

— Mvukuto, anasema... mama, lakini desturi...

— Desturi naijua kuliko wewe. Mwambie.

Muharami akageuka. Aliogopa, nisimfiche. Aligeuka polepole, akapanda na macho kutoka kwenye kidole kile kilichopinda, hadi kwenye kaniki, hadi kwenye shingo, hadi kwenye uso ambao hakuwahi kuuona. Mama alikuwa ameifunua kaniki yake. Uso wote ulikuwa na mashimo, paji, mashavu, hata midomo, kama vumbi lililodondokewa na matone ya mvua ya kwanza. Jicho moja lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa linamtazama yeye, bila hasira. Uso huo ndio aliokuwa akiutafuta Masasi nzima, mlango kwa mlango, akibembeleza. Ulikuwa umempitia ubavuni mwaka mzima na nusu, naye kila ulipopita aliinama kwa heshima. Machozi yalimtoka mbele ya wenzake, wala hakuyafuta.

— Waulize hawa, Baba Siti, akasema mama. Sijaitwa. Nimesikia kwa wachuuzi wa chumvi kwamba mwanangu yuko peke yake. Siku zote hizi, mbona hamkuniita?

Sadallah hakujua swali hilo alipeleke kwa nani.  Filemoni alitazama viatu asivyokuwa navyo. Watu walioeleza asili ya ndui kwa njia tatu walikosa hata neno moja.

Mama hakungoja. Alivuka njia na kibuyu chake, akauingia ua ule ambao Masasi nzima iliukimbia, na ndani wakamsikia Mwanaisha akisema “Mama!” kwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

 Mara kwa mara mama alitokeza mlangoni. “Baba Siti, mwambie mwenzio alete kuni.” Sadallah akasema, lete kuni, na Muharami akapeleka, akaziweka kizingitini, uso pembeni. “Baba Siti, mwambie alete wembe, aupitishe motoni.” Muharami akaunoa wembe, akaupitisha motoni, akauweka kizingitini. Jua likaingia nyuma ya mlima. Kahawa ikapoa vikombeni, hakuna aliyeigusa. Kisha mguno mmoja, mrefu, na baada yake kimya kilichowafanya wote watatu wamshike Muharami bila kukumbuka kwamba watu walikuwa hawashikani tena.

Mlango ukafunguka. Mama alisimama hapo, kaniki ameifunga kiunoni, uso wake wazi mbele ya njia nzima.

— Muharami, akaita, kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu.

Sadallah akafungua kinywa apeleke ujumbe, akatazama ukutani, akakuta hakuna wa kumpelekea. Muharami alikuwa ameshavuka njia.